Slaidi Isiyouliza Haisomeshi



Leo tunawageukia wenzetu mnaosomesha, iwe skuli, chuoni au kwenye madarasa ya jioni ya kujitayarishia mitihani. Tunawageukia pia kina mama ambao watoto wenu wanarudi nyumbani na madaftari yaliyojaa maandishi, lakini mkiwauliza wamesomeshwa nini wanaangalia chini. Tuna neno kuhusu slaidi.

Projekta na kompyuta zinazidi kuingia madarasani kwetu, na sisi tumefurahi. Mwalimu akionesha moyo unavyopiga na damu inavyozunguka, mtoto anaona kitu ambacho chaki haiwezi kumuonesha. Lakini tusijidanganye. Slaidi nyingi ni ubao ule ule wa zamani, umetiwa umeme tu. Mwalimu anakesha akipanga rangi na picha, asubuhi anasimama kuzisoma, watoto wananakili, kengele inalia. Katikati anauliza mara moja, "Mmefahamu?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyooo!" Somo linakwenda mbele, na waliobaki nyuma wamebaki nyuma.

Rai yetu ni fupi. Slaidi inayopita bila ya kumtaka kila mtoto ajibu kitu, bado haijasomesha. Na zana za kidijitali zina maana pale tu zinapompa mwalimu jibu la kila mtoto, hasa yule asiyenyoosha mkono. Zikiwa za kupendezesha tu, tuziache, usiku tulale.

Tukumbuke slaidi hizi zilikotoka. PowerPoint ilitoka mwaka 1987, na ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa maofisini wanaoeleza mipango yao kwenye mikutano. Mmoja anasema, wengine wanasikiliza, kisha wanaamua. Wale ni watu wazima wanaolijua jambo lao. Mtoto anayekutana na somo kwa mara ya kwanza, tena mara nyingi kwa Kiingereza ambacho bado kinamshinda, hayuko kwenye hali hiyo. Yeye anaweza kunakili ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri na asibaki na chochote kichwani.

Wapo watakaosema kuwashirikisha watoto ni mambo ya kigeni. Hasha. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba kuhusu mti usiopukutika majani, ulio mfano wa Muislamu, wamwambie ni mti gani. Mawazo ya watu yakaenda kwenye miti ya nyikani. Abdullah bin Omar, aliyekuwa mdogo pale, moyoni alijua kuwa ni mtende, lakini aliona haya kusema mbele ya wakubwa. Baadaye alipomueleza baba yake, Sayyidna Omar alimwambia kuwa angefurahi zaidi lau angelisema. Tutazame mambo mawili hapo. La kwanza, swali lilitangulia, maelezo yakafuata. La pili, aliyelijua jibu alinyamaza.

Madarasani kwetu wamejaa watoto wa namna hiyo, na wengi wao ni wa kike. Tunawalea na haya, na haya ni katika imani. Lakini haya haikuwekwa iwe kufuli ya elimu. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Mtoto wa kike akikaa nyuma miaka saba bila ya sauti yake kusikika, tusiseme ana adabu tukaishia hapo. Tujiulize ni njia gani tumempa ya kusema.

Hata vyuo vyetu vya Kur-ani vinatufunza hili. Mtoto anakaa mbele ya mwalimu wake na anasikilizwa yeye mwenyewe, herufi kwa herufi. Wenziwe hawawezi kumuitikia "ndiyooo" badala yake. Akikosea anarudishwa, na haendi sura ya pili mpaka ya kwanza imekaa. Skuli yenye watoto wengi katika darasa moja haiwezi kumsikiliza kila mtu hivyo kwa dakika 40. Hapo ndipo zana inapokuwa na kazi ya kufanya.

Na wataalamu wa skuli wamefika huko huko. Mwaka 1991 Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alianza kubadilisha usomeshaji wake baada ya kuona kuwa wanafunzi waliojua kukokotoa hesabu hawakuwa wakifahamu msingi wa fizikia yenyewe. Akawa anakatisha mhadhara kwa swali la kuchagua jibu. Kila mmoja anafikiri peke yake na anajibu. Kisha anamgeukia jirani yake, na kila mmoja anajaribu kumkinaisha mwenziwe. Wanajibu tena. Ndipo mwalimu anaeleza. Wanaofuata njia yake wana kipimo kizuri: waliopata wakiwa chini ya 30 katika 100, rudi usomeshe upya, wakiwa kati ya 30 na 70, waache wajadiliane, wakizidi 70, eleza kwa ufupi uendelee.

Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 kuhusu masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati katika vyuo vikuu. Kwenye madarasa ya kusikiliza mhadhara tu, waliofeli walikuwa kwa wastani karibu 34 katika kila 100. Kwenye madarasa yaliyowashirikisha wanafunzi, walikuwa karibu 22. Hao ni watu wazima waliochagua wenyewe kusoma. Mtoto wa miaka 12 baada ya chakula cha mchana ana haja zaidi ya kushirikishwa.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, maana zana bila ya swali zuri ni kelele. Tuseme somo ni jinsi mimea inavyojitengenezea chakula. Slaidi ya kawaida inaandika maana ya neno na mchoro wa jani. Sisi tungeanza hivi: "Mwembe mkubwa ukikatwa na mbao zake zikakauka kabisa, sehemu kubwa ya uzito wa mbao hizo imetoka wapi? A, udongo. B, mbolea. C, hewa. D, mwanga wa jua." Wengi watakimbilia udongo, kwa sababu huko ndiko wanakouona mti ukisimama. Jibu ni hewa: mti huvuta hewa ukaa kupitia majani, na kutokana nayo pamoja na maji hujijenga. Mtoto aliyejibu udongo na akaona nusu ya darasa wamejibu kama yeye, atakaa vizuri kusikiliza. Ana sababu ya kutaka kujua. Na tuangalie: majibu ya makosa hayakuwekwa ovyo. Kila moja ni kosa ambalo mtoto hulifanya kweli. Hapo ndipo ulipo ufundi wa mwalimu, na hakuna programu itakayomfanyia.

Kuhusu zana, zinazotajwa sana ni Mentimeter ya Sweden na Kahoot ya Norway. Kwa Mentimeter, swali linakaa ndani ya slaidi, wanafunzi wanaingia kwa nambari kupitia simu zao, na majibu yanapanda kwenye ukuta kama vinguzo bila ya majina. Kwa mtoto mwenye haya, kutotajwa jina ni faraja kubwa. Kahoot ni mchezo: kuna saa inayohesabu, muziki, na alama kwa aliyejibu sawa na kwa haraka, kisha majina ya walioongoza yanatokea mbele ya wote. Watoto wanaipenda, hilo hatukatai. Ila sisi hatupendi iwe chakula cha kila siku. Anayefikiri polepole anajifunza kubahatisha, na watoto wale wale hutajwa kila mara. Mwalimu anaweza kurefusha muda wa swali na kuondoa alama, na tunamshauri afanye hivyo.

Lakini zote mbili zinataka intaneti na simu mikononi mwa wanafunzi, na skuli zetu haziruhusu watoto kuja na simu. Kwa maoni yetu haziruhusu kwa haki. Kwa hivyo zana tunayoipigia debe ni Plickers. Hii inataka simu moja tu, ya mwalimu. Kila mtoto anapewa kadi ya karatasi yenye umbo lake na nambari yake. Pande nne za kadi zina herufi A, B, C na D. Mwalimu anauliza, mtoto anaigeuza kadi mpaka herufi ya jibu lake iwe juu, anainyanyua, na mwalimu anapitisha kamera ya simu darasa zima. Kwa muda mfupi anajua nani amejibu nini. Maumbo hayafanani, kwa hivyo kumchungulia jirani ni kazi. Seti ya kawaida ina kadi 40, na kubwa ina 63. Darasa likizidi, watoto wawili washirikiane kadi moja, tena watajadiliana. Gharama ni karatasi, wino na bando la mtu mmoja. Mkitaka kuzihifadhi kadi, msizipake plastiki inayong'ara, kamera inashindwa kuzisoma.

Na umeme ukikatika? Karatasi moja ikikunjwa mara mbili inatoa sehemu nne. Andika herufi moja kila sehemu, mtoto akunje na aoneshe. Mwalimu hatapata hesabu kamili kwenye simu, lakini macho yake yatamwambia darasa limeelekea wapi. Mazur mwenyewe alitumia kadi za kunyanyua kabla ya mashine. Mwalimu anayejua anachokitafuta hasimamishwi na soketi.

Tunajua walimu watasema mtaala ni mrefu na wakati hautoshi. Ni kweli, na tunawaonea huruma, maana wengi wenu ni kina mama mnaotoka darasani mkaingia jikoni. Lakini hatukuomba michezo saa nzima. Tunaomba maswali matatu kwa kila somo: moja mwanzo, kuamsha, moja katikati, kupima, moja mwisho, kuona kilichobaki. Punguzeni slaidi za maelezo, toeni zile picha za maua pembeni, na muda utapatikana. Mtaala uliomalizwa na mwalimu peke yake bado haujamalizika.

Pia hakuna zana inayomtosha mwalimu asiye na subira. Miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani aliwapima walimu wanangoja muda gani baada ya kuuliza. Kwa kawaida ilikuwa kama sekunde moja, kisha wanajijibia wenyewe au wanamtaja mwengine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Sekunde tatu hazinunuliwi dukani.

Jambo jengine ni amana. Programu hizi zinahifadhi majibu na majina. Mwalimu atumie nambari au jina la kwanza tu, asipige picha za watoto na kuzirusha, na matokeo ya mtoto yasioneshwe ukutani kumtahayarisha. Tunataka kujua nani hajafahamu ili tumsaidie. Kumfedhehesha ni jambo jengine kabisa, na dini yetu imetukataza.

Kwa walimu wakuu na wakaguzi tunasema: mkiingia darasani msihesabu slaidi wala msistaajabie rangi. Kaeni nyuma, karibu na yule mtoto wa kike aliye kimya, na mhesabu mara ngapi amejibu kitu kabla ya kengele. Ikiwa ni sifuri, projekta ile haijafanya kazi, hata kama ilikuwa inawaka.

Na sisi kina mama tuna sehemu yetu. Jioni, badala ya kumuuliza mtoto "umesoma nini?", tumuulize "leo umeulizwa swali gani, na wewe ulijibu nini?" Akisema hakuulizwa, tumuulize sisi, pale pale tunapokuna nazi. Kisha tukutane na mwalimu wake kwa upole, tumuombe, tusimgombeze. Ikiwa kadi zinahitaji karatasi na wino, kamati ya wazazi inaweza kuzichangia. Ni fedha ndogo kuliko nyingi tunazochangishana kwenye sherehe.

Mwenyezi Mungu awazidishie walimu wetu subira na elimu, na awafungue ndimi watoto wetu waliokuwa wakijua na wakanyamaza. Amin.