Tumnunulie baba Lexus au Camry?

Lubumbashi – Tangu wiki mbili zilizopita kikundi cha WhatsApp cha familia yetu hakilali. Mdogo wangu anayeishi Kentucky, Marekani, alituma picha mbili. Ya kwanza ni Lexus ES 350 ya 2008, nyeusi, viti vya ngozi, dola 9,500. Ya pili ni Toyota Camry ya 2010, rangi ya majivu, viti vya kitambaa, dola 7,500. Chini yake akaandika: «Hii nyeusi ndiyo ya baba. Ile nyingine nimeweka tu ili muone tofauti.»

Kwa kawaida hapa ninawaandikia juu ya barabara, maji na umeme. Leo niruhusuni niandike juu ya gari, kwa sababu najua swali hili haliko kwetu peke yetu. Familia nyingi za huku zenye mtoto ng'ambo zimeshakaa sebuleni kulijadili, na mara nyingi anayeshinda ni yule mwenye sauti kubwa.

Maoni yangu nayatoa mapema: Camry. Lakini mdogo wangu si mjinga, na hoja zake zinastahili kujibiwa moja moja.

Kwanza tujue tunazungumza juu ya nini. Lexus ni tawi la Toyota, lilianza kuuza magari Marekani 1989. Siku ile ya kwanza lilikuwa na magari mawili. Moja, LS 400, lilikuwa gari jipya kabisa lililotengenezwa kwa ajili ya matajiri. La pili, ES 250, lilikuwa Camry iliyovalishwa suti. ES zilizofuata, pamoja na hii ya 2008, zimebaki ndugu wa Camry, tumbo moja. Kule Japani ES 300 iliuzwa kwa jina la Toyota Windom, na wale wenye kukumbuka Windom zilizofika hapa zikiwa na usukani upande wa kulia wanajua kwamba hakuna aliyeziita Lexus. Duka la Lexus lenyewe halikufunguliwa Japani mpaka 2005. Miaka yote ile Wajapani walipanda gari hilo likiwa na alama ya Toyota puani na hawakulalamika.

Chukueni ES 350 ya 2008 na Camry ya mwaka uleule yenye silinda sita. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni uleule. Injini ni ileile ya lita 3.5, na giaboksi ni ya otomatiki ya hatua sita katika zote mbili. Lexus ina nguvu za farasi 272, Camry 268. Farasi wanne! Gari jipya la Lexus wakati ule liliuzwa kama dola 33,000 Marekani. Camry ya kawaida ya silinda nne ilikuwa inazunguka kwenye 21,000.

Sasa hizo dola elfu kumi na kitu zilinunua nini? Hapa lazima niwe mkweli, zilinunua kitu. Rafiki yangu mmoja wa Golf ana ES ya umri huo, na Jumapili moja alinipakia. Ukifunga mlango, kelele za nje zinabaki nje. Kiti kinasogea kwa umeme, kinakumbuka mahali ulipokiacha. Ngozi, mbao kwenye usukani, muziki mzuri. Mtu aliyeinunua mpya kule Marekani, akaiendesha kwenye lami isiyo na shimo, hakudanganywa.

Shida ni kwamba sisi hatuinunui mpya. Sisi tunaipokea ikiwa na miaka zaidi ya kumi na mitano. Na angalieni vizuri ni nini kinachozeeka kwanza katika gari: ngozi inapasuka, mota ya kiti inakwama, raba za milango zinakauka na ukimya unaondoka, skrini inapotea picha. Yaani vile vitu vilivyoitofautisha Lexus na Camry ndivyo vinavyokufa mbele. Kinachobaki hai baada ya miaka kumi na mitano ni injini, giaboksi na chuma. Na hiyo ni Camry. Baba atakuwa amelipa dola elfu mbili zaidi ili awe na Camry yenye vitu vingi vya kuharibika.

Bei ya gari inashuka kila mwaka, lakini piyesi zake hazijui kwamba gari limezeeka. Nilienda kumuona fundi wetu kule komini ya Kenya, yule aliyetunza Carina ya marehemu mjomba mpaka ikauzwa ikiwa bado inatembea. Nilimuonyesha picha zote mbili. Aliiangalia Lexus muda mrefu, akacheka, akasema: «Hii ukigonga taa ya mbele, uje na mwanao wa Amerika mwenyewe.» Piyesi za injini atazipata, maana ni za Toyota. Lakini taa, bampa, vioo, kompyuta ndogondogo za milango na viti, hivyo ni vya Lexus peke yake, na hapa utasubiri viagizwe Dubai. Akaongeza jambo ambalo sikulijua: katika injini hiyo ya silinda sita, bugi tatu za nyuma zimejificha upande wa shofere, na ili azifikie lazima afungue sehemu ya juu ya injini inayoleta hewa. Kazi ya nusu saa inakuwa kazi ya nusu siku. Oili nayo inakula lita sita, wakati silinda nne ya Camry ya 2010 inatosheka na lita nne na nusu.

Tuje kwenye esansi, kwa sababu hapo ndipo baba atalipa kila wiki. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, Camry ya 2010 ya silinda nne inakunywa kama lita 9 kwa kilomita 100, na ES 350 ya 2008 inakaribia 11. Baba ana wajukuu Likasi, ni kama kilomita 120 kwenda tu. Akienda mara mbili kwa mwezi, na kanisani, na sokoni na mama, tuseme kilomita elfu moja kwa mwezi. Tofauti ni kama lita 17 kila mwezi, zaidi ya lita 200 kwa mwaka. Tena Lexus ya miaka ile kitabu chake kinashauri esansi ya daraja la juu. Mwambieni hivyo kijana wa pompa siku ya foleni, mtaona atakavyowaangalia. Vinyeti nayo inahesabiwa kwa nguvu ya injini, na duane wanaangalia thamani ya gari. Sitaki kurefusha, mnayajua.

Mdogo wangu ana hoja moja ambayo ilinisumbua. Aliandika: «Yaya, ile njia ya Likasi imejaa malori ya shaba. Mzee akitaka kupita lori, Camry ya silinda nne itamuacha katikati.» Ni kweli. Farasi 169 si farasi 272, na sisi wote tumeshaona yanayotokea mtu akikosa nguvu wakati wa kupita lori refu linaloelekea Kasumbalesa. Kama ingekuwa mimi ninayekwenda Kolwezi kila wiki, ningelala nikilifikiria hilo. Lakini ni baba. Baba ni mtu anayekaa nyuma ya lori kilomita thelathini huku akituambia habari za shule ya zamani, na shofere wake akijaribu kupita anamshika bega. Tena Camry ya 2010 kutoka Marekani ilianza kuja yote na mfumo wa kuizuia gari isiteleze kwenye kona, kitu ambacho kabla ya hapo ulilipia zaidi. Na magurudumu yake ya inchi 16 yana mpira mnene zaidi ya yale ya 17 ya Lexus. Kwa mashimo ya kartie yetu, mpira mnene ni usalama pia.

Nisisitize hapo, ni ya 2010 au 2011, si Camry yoyote. Silinda nne za 2007 mpaka 2009, zile za lita 2.4, nyingi zimejulikana kwa kula oili. Ya 2010 ililetwa na injini nyingine ya lita 2.5. Na anayeng'ang'ania silinda sita, Lexus au Camry, aangalie mpira unaopeleka oili kwenye mfumo wa valvu. Zile za mwanzo zilikuwa na kipande cha raba ambacho kikipasuka oili inamwagika yote kwa muda mfupi, na injini inakufa. Toyota ilitoa bomba la chuma badala yake. Muombeni muuzaji picha ya hapo kabla ya kutuma hata dola moja.

Basi kwa nini mdogo wangu bado anataka Lexus? Alinipigia usiku wa Alhamisi, na kule ilikuwa bado mchana. Anaishi si mbali na Georgetown, pale Toyota wanapotengeneza Camry tangu 1988. Camry anaziona kila siku, zimejaa njiani kama baiskeli. Aliniambia: «Yaya, baba amefundisha miaka 38 akitembea kwa miguu. Wanafunzi wake walikuwa wanampita na magari, wanamrushia vumbi. Mimi nataka siku moja wao ndio wageuke waangalie.»

Nilinyamaza. Hata mimi nilirushiwa vumbi lile, nikimshikia baba begi la daftari.

Lakini nilimjibu hivi, na ninaliandika hapa kwa sababu nadhani ndio kiini cha mambo. Wale wanaogeuka kuangalia Lexus hawamwangalii baba. Na wakishamuona mwenye Lexus, mahesabu yanabadilika. Kijana wa parking anataka mara mbili. Kwenye kilio, mchango wa mwenye Lexus unatajwa kabla hajakaa kwenye kiti. Hata fundi mgeni anapandisha bei kabla ya kufungua boneti. Mzee mwenye pensheni ndogo tutakuwa tumempa jina la mtu mwenye pesa bila kumpa pesa zenyewe. Na siku gari litakapolala uani miezi mitatu likisubiri taa kutoka Dubai, vumbi atalirudia, safari hii akiwa na miaka 71.

Kisha kuna zile dola elfu mbili. Kitinda mimba wetu yuko chuo kikuu, amebakiza miaka miwili, na mwaka jana alikosa mtihani wa kwanza kwa sababu minervali ilichelewa. Hilo halikuandikwa kwenye kikundi cha WhatsApp kwa sababu yeye mwenyewe yumo mle na ana haya. Naliandika hapa kwa ruhusa yake.

Jumamosi nilimpeleka baba kwa yule rafiki wa Golf akakae ndani ya Lexus. Nilitaka achague akiwa ameona. Alikaa, akafunga mlango, akasikiliza ule ukimya. Akapapasa ngozi kwa kidole. «Inanyamaza vizuri,» alisema. Halafu akauliza kama ile nyingine mlango wake wa nyuma unafunguka upana uleule, kwa ajili ya goti la mama. Nikamwambia ni upana karibu uleule, ni ndugu.

«Basi mwambie mdogo wako alete ile ya majivu,» alisema baba, «na zinazobaki azitume chuoni moja kwa moja, zisipitie kwangu.»

Nimemtumia sauti ile ya baba tangu Jumamosi jioni. Ameisikiliza, alama mbili za bluu zimewaka. Hajajibu bado.