Sindano Huchaguliwa na Sahani, Si na Mfuko

Wahenga walitwambia kuwa mchagua jembe si mkulima. Shambani maneno hayo ni kweli tupu, kwani mvivu hakosi kisingizio. Lakini iko kazi moja ambayo asiyechagua chombo chake huyaharibu mavuno yaliyokwisha kuvunwa na wazee wake. Kazi hiyo ni kupiga sahani za santuri, na leo twataka kuizungumza kwa urefu kidogo.

Sababu ya mazungumzo haya ni kijana mmoja wa Kibokoni, hapa Mji wa Kale, Mombasa, aliyenijia baada ya swala ya alasiri. Amerithi kwa babu yake mashine ya santuri aina ya Garrard 401, iliyoundwa Swindon, Uingereza, na kuanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1960. Pamoja nayo amerithi sanduku la sahani: nyingine nyeusi, nzito, zikianguka huvunjika kama kigae, nyingine ndogo, nyepesi, za tarabu ya miaka ya 1960 na 1970. Mashine inazunguka vizuri, lakini mkono wake umevunjika, na kile kichwa kidogo kinachobeba sindano, ambacho mafundi hukiita katriji, hakijulikani kilikokwenda.

"Ami," akaniambia, "nimesikia katriji bora duniani ni Ortofon, na mkono bora ni SME. Nikiuza pikipiki yangu nitavipata. Wasemaje?"

Nikamjibu, "Mwanangu, kabla hujaiuza pikipiki, nambie kwanza: wataka kupiga sahani zipi?"

Akanyamaza. Wote aliowauliza walikuwa wamemtajia majina na bei, wala hapana hata mmoja aliyemwuliza suala hilo. Nalo ndilo shina la jambo lote.

SAHANI SI MOJA

Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwa kampuni ya HMV, sauti yake ilitiwa katika sahani za mizunguko 78 kwa dakika. Sahani za namna hiyo zilifanywa kwa shelaki, jamii ya ile lakiri ya kupigia muhuri barua, ikachanganywa na unga wa mawe. Mfuo wake ni mpana. Sindano inayoufaa ni yenye ncha ya kadiri ya sehemu 3 katika elfu moja ya inchi.

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani za plastiki za mizunguko 33 na thuluthi, na mwaka uliofuata RCA Victor ikatoa ndogo za mizunguko 45. Mfuo wake ni mwembamba mno, na sindano yake ni ya sehemu 1 katika elfu. Zilipoingia sahani za stirio mwaka 1958, ncha ikapunguzwa tena hata ikafika kama sehemu 0.7. Zile sahani ndogo za Mzuri, zilizotolewa hapa Mombasa na duka la Assanand na kutuletea tarabu ya pwani nyumbani mwetu, ni za jamii hii ya pili.

Sisi tuliosoma vyuoni twaikumbuka kalamu ya mwanzi. Mwalimu alikuwa akiichonga ncha yake kwa kadiri ya hati anayotaka kuandika. Ncha nyembamba haiandiki hati nene, na ncha nene huziba macho ya herufi ndogo. Sindano ya santuri ni vivyo hivyo. Ukiweka sindano nyembamba katika sahani ya 78, hutumbukia hata chini ya mfuo na kugaagaa katika vumbi, ukasikia mchakacho kuliko mwimbaji. Ukiweka sindano nene katika sahani ya 45, haitaingia ndani. Itapanda juu ya kingo za mfuo na kuzivunja. La kwanza ni karaha. La pili ni hasara isiyorudi.

Iko hasara ya tatu, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Siku hizi watu wamependa tena yale magramafoni ya kuvuta kwa mkono, yenye pembe kama ua. Ni pambo zuri la ukumbini. Lakini kichwa chake huikandamiza sahani kwa uzito unaopita gramu 100, na sindano yake ya chuma ilikusudiwa kutupwa kila baada ya upande mmoja. Ule unga wa mawe katika sahani kazi yake ilikuwa kuinoa sindano hiyo mpaka ilingane na mfuo. Anayetumia sindano moja ya chuma mwezi mzima anailima sahani yake kwa patasi. Katriji ya umeme huisoma sahani hiyo hiyo kwa gramu 3 mpaka 5 tu.

Hapa sina budi kuungama. Nilipokuwa mdogo, nyumbani kwetu palikuwa na sahani moja ambayo ami yangu alipiga fidla. Ilikuwa ikiruka katika ubeti wa kwanza. Mimi, kwa ujanja wa kitoto, nikaweka sumni juu ya kichwa cha santuri ili kizidi uzito. Haikuruka tena. Nikafurahi, nikaipiga hivyo miezi na miezi. Leo ami yangu yuko mbele ya haki, na mahali pale pa fidla yake panasikika kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Hapana nakala nyingine niliyoipata. Basi nisemapo juu ya gramu, sisemi kwa kupenda hesabu.

KICHWA

Katriji za zamani zinazotafutwa leo ni za namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ni ile ambayo sindano hutikisa kisumaku kidogo mbele ya nyaya zilizotulia. Hizi ndizo za Shure ya Marekani na nyingi mfano wake. Umeme wake una nguvu ya kutosha kuingia moja kwa moja katika kikuza sauti cha kawaida, na sindano ikichakaa huvutwa kwa vidole na kutiwa nyingine. Namna ya pili ni ile ambayo sumaku imetulia na nyaya ndizo zinazotikisika. Humo imo Ortofon SPU ya Denmark, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, na Denon DL-103 ya Japani, iliyobuniwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la NHK. Zote mbili zingali zikiundwa. Sauti zake zasifiwa, na sifa ni ya haki. Lakini umeme wake ni mdogo sana. DL-103 hutoa kama millivolti 0.3, ambapo Shure M44-7 hutoa zaidi ya 9. Kwa hiyo yataka transfoma au kikuza sauti cha ziada, na sindano ikivunjika huwezi kuitia nyingine mwenyewe. Lazima uipeleke kwa fundi wa kazi hiyo, naye aghalabu yuko ng'ambo.

Kwa mtu wa pwani mwenye sanduku lenye sahani za namna mbili, nasema bila ya kusita: namna ya kwanza ndiyo yenye kheri. Kiwiliwili kimoja cha Shure M44 huchukua sindano nyembamba kwa sahani za 45 na sindano nene kwa zile za 78, na kuzibadilisha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kweli, Shure waliacha kuunda katriji mwaka 2018. Lakini viwiliwili vyake vimejaa duniani, na kampuni ya JICO ya Japani huunda sindano mpya za kuvifaa.

MKONO

Wengi hudhani mkono ni kijiti tu cha kubebea kichwa. La. Mkono na kichwa ni kama mume na mke: kila mmoja aweza kuwa mwema peke yake na nyumba isikalike.

Sindano imening'inizwa kwa kipande cha mpira, na mpira huo ni kama springi. Uko mlaini, uko mgumu. Juu ya springi hiyo umekaa uzito wa mkono na kichwa. Vitu viwili hivyo pamoja vina mtikisiko wake wa asili, kama jahazi na ngalawa zilivyo na namna zake za kupokea wimbi lile lile. Mafundi hutaka mtikisiko huo uwe baina ya mara 8 na 12 kwa sekunde. Ukiwa chini ya hapo, sahani iliyopinda kidogo, au mtu anayetembea juu ya sakafu ya boriti za mikoko katika nyumba zetu za ghorofa, hutosha kuufanya mkono uruke. Ukiwa juu mno, huingia katika sauti nzito za muziki wenyewe na kuzivuruga.

Kwa hiyo kanuni ni hii: springi laini yataka mkono mwepesi, springi ngumu yataka mkono mzito. Shure V15 Type III ya mwaka 1973, ambayo hutaka gramu 1 tu ya kukandamiza, ni laini mno. Itie katika mkono mwepesi. Ortofon SPU ni ngumu, hutaka gramu 3 mpaka 4, na pamoja na kishikio chake hupita gramu 30. Ukiitia katika SME 3009, mkono wa inchi 9, hutaweza hata kuulinganisha bila ya kuongeza uzito wa nyuma. Hiyo hustahili mkono wa inchi 12, kama SME 3012. Kijana wangu alitaka kuvioza Ortofon na SME kwa kuwa vyote vina majina. Angeliuza pikipiki yake akanunua ugomvi.

Jambo jingine la kutazama ni kishikio. Mikono mingi ya SME na ya Kijapani ina tundu la namna moja, ambalo kishikio huchomolewa na kutiwa kingine. Hilo ni jambo la faida kubwa, kwani waweza kuwa na vichwa viwili tayari, kila kimoja kwa sahani zake.

VYA ZAMANI NA MARADHI YAVYO

Asinunue mtu kitu cha zamani kwa picha. Mpira wa sindano wa miaka 50 huwa umekuwa mgumu kama kwato au umelegea kama uji, hata kama kisanduku hakijafunguliwa. Basi nunua kiwiliwili cha zamani na sindano mpya. Uliza pia kama ncha ni almasi au yakuti. Ya yakuti huchakaa upesi, na ncha iliyochakaa ni kisu.

Mkono nao upime kwa kidole. Uusawazishe mpaka uelee, kisha uupulize kidogo. Ukikwama popote, au ukicheza katika bawaba zake kama jino bovu, uache. Katika baadhi ya SME 3009 mpira unaoshika uzito wa nyuma hulegea kwa umri, mkia ukaning'inia. Huo una dawa, lakini bei ipungue. Na sisi wa pwani tuna adui wetu wa kila siku, chumvi ya bahari. Zitazame nyaya na vichwa vya shaba kama vimeota kijani.

Mwisho, hakikisha mashine yenyewe yaenda mwendo unaoutaka. Garrard 401 ina 33, 45 na 78. Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979, ambayo wengi huisifu, na kwa haki, haina 78. Siti hawezi kuimba humo ila kwa sauti ya mgonjwa.

TUFANYE NINI

Wapo wenzetu wasiopenda fidla wala udi, na hapa si mahali pa kubishana nao. Lakini hata wao hawatakataa kuwa ndani ya sahani hizi mna Kiswahili cha wazee wetu kinavyotamkwa na wenyewe: maneno yasiyomo tena vinywani mwetu, na mashairi ambayo mengine hayakupata kuandikwa popote. Siti mwenyewe hakujua kuandika. Sahani ndiyo iliyomwandikia.

Kwa hiyo twatoa rai mbili. Kwanza, mwenye sahani za 78 nyumbani asizipige tena, hata kwa harusi, mpaka apate sindano inayozifaa. Azioshe kwa maji safi bila ya spiriti, kwani spiriti huiyayusha shelaki, azisimamishe wima, kisha azipige mara moja kwa sindano ya haki, huku akizinasa katika kompyuta, ili masikio yachoke na mfuo usichoke. Pili, kila mji wetu, Lamu, Malindi, Mombasa, uwe na mashine moja njema na sindano zake zote, katika maktaba, nyumba ya makumbusho au stesheni ya redio, ambapo mtu aweza kuja na sanduku la bibi yake na kuondoka na nakala, na sahani zake akarudi nazo nyumbani. Gharama yake ni ndogo kuliko ya karamu moja ya siasa.

Kijana wa Kibokoni alinunua kiwiliwili cha Shure, sindano mbili, na mkono wa uzito wa kati usio na jina kubwa. Juzi alinialika. Alipiga sahani moja ya 78, upande mmoja tu, nyanya yake akiwa mlangoni ameshika buibui yake. Ilipokwisha, bibi akauliza kama yaweza kurudiwa. Kijana akamwambia, "Nimekwisha kuinasa, nyanya. Twaweza kuirudia mpaka asubuhi."

Pikipiki yake anayo hadi leo.