Kabambare: Motokari ya ng'ambo ni bei rahisi, njia ya kuileta nyumbani ndiyo bei kali

Kuna jambo lenye kuzungumzwa sana na vijana siku hizi, ku soko, ku parkingi ya motari, hata ku mashimo ya zahabu. Kijana anafungua simu, anaonyesha wenzake picha ya motokari ya michezo ya zamani, Toyota Celica ao Supra ya miaka ya 1990, nyekundu, imelala chini kama mamba ku mchanga. Chini ya picha bei imeandikwa kwa dola, pamoja na meli kutoka Japani mpaka bandari ya Dar es Salaam. Kijana anasema: nikipata gramu zangu vizuri, nitaifuata mimi mwenyewe, nitaiendesha mpaka hapa.

Mimi si kati ya wale wenye kumcheka. Kupenda motokari nzuri si dhambi, na mtu aliyeshinda ndani ya shimo miezi mingi yuko na haki ya kuota kitu kizuri. Lakini naomba tuhesabu pamoja, tuanze Dar es Salaam na tufike mpaka hapa kwetu, ili tuone pesa inaishia wapi na nani anailipa.

Kwanza, wenye kufanya mambo haya ng'ambo wanafanya namna gani? Mtu wa Ubelgiji anapenda Porsche ya zamani, anaikuta kwa muuzaji Ujerumani. Anapanda treni asubuhi, analipa, anapewa plake ya muda. Ujerumani wako na plake maalum kwa motokari yenye kutoka inchini: pembeni kuna alama nyekundu yenye kuonyesha tarehe ya mwisho, na huwezi kuipata bila bima. Akiisha kuipata, anawasha moteri, jioni yuko kwake. Tangu mapatano ya Schengen yalipoanza kutumika mwaka 1995, ku mpaka kati ya inchi hizo mbili mara nyingi hakuna hata mtu wa kumuuliza anakwenda wapi. Karatasi ni moja, yenye tarehe moja. Safari yenyewe ni starehe, na watu wengine wanalipa pesa juu ya safari tu.

Wale wenye kusema motokari ya michezo haiwezi udongo wa Afrika, na wao wamesahau. Mwaka 1965 Joginder Singh, mekanisiye wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda mashindano ya Safari Rally ndani ya Volvo PV544 ya okazio, yenye ilikuwa imekwisha kukimbizwa na wengine mbele yao. Udongo, mvua, vumbi, yote walipita, na makampuni makubwa yenye motokari mpya yalibaki nyuma. Basi motokari ya zamani si shida. Lakini Joginder alikuwa fundi, aliijua kila visi ya moteri ile. Tena ile Volvo haikulala chini kama Supra. Na ku njia ile hakuna mtu aliyevuta kamba mbele yake kila kisha mlima.

Turudi kwetu sasa. Motokari imeshuka ku bandari ya Dar es Salaam. Kutoka pale mpaka Kigoma kuna njia na kuna reli yenye ilifika Kigoma mwaka 1914. Mtu analipa wakala wa forodha, motokari inaandikwa kwamba inapita tu kuenda Kongo, anaendesha upande wa kushoto sawa vile Watanzania wanaendesha. Kigoma inapanda boti, inavuka Tanganyika, inashuka Kalemie ao Baraka. Mpaka hapo safari inaeleweka. Bei unaweza kuuliza mbele, na mara nyingi ile waliyokuambia ndiyo utalipa.

Ikigusa udongo wa Kongo, mambo mawili yanabadilika. La kwanza ni volani. Sisi tunaendesha upande wa kuume, na motokari ya Japani volani yake iko kuume vilevile. Ukiwa nyuma ya kamyo na unataka kuipita, huoni kitu mpaka nusu ya motokari yako imeingia njia ya wengine. Abiria wa mbele anashukia katikati ya barabara. Wakubwa wamekataza motokari za namna hiyo mara nyingi, na bado zinajaa Uvira na Kalemie, kwa sababu ndizo zenye bei rahisi. Kuna tena jambo la umri: mwaka 2012 serikali ilitoa dekre juu ya motokari za okazio zenye kupita miaka 10. Supra ya 1995 iko na miaka mingapi? Kijana, kabla ya kutuma dola hata moja Japani, ingia kwanza ku biro ya DGDA, uliza kwa mdomo wako na uombe wakuandikie.

Jambo la pili ndilo lenye kunifanya niandike leo: njia yenyewe, na watu wenye kusimama ndani yake.

Njia ya kutoka ziwani kuja kwetu si mpya. Kabambare ilikuwa kituo cha misafara yenye ilitoka pwani na Ujiji kuenda Nyangwe na Kasongo. Livingstone alilala hapa mwaka 1870 miezi mingi, vidonda vya miguu vimemkataza kutembea. Tippu Tip aliweka makao Kasongo, na kwa njia ile walipitisha vitambaa, bunduki, pembe, na watu wenye kufungwa minyororo. Kiswahili chetu nacho kilikuja kwa njia ile. Katika misafara hiyo kulikuwa neno moja lenye watoto wetu wanapashwa kulijua: hongo. Ilikuwa mali yenye msafara ulimtolea mkubwa wa kila inchi ili aruhusu kupita. Leo Watanzania wakisema hongo wanataka kusema rushwa. Hapa kwetu tumeacha neno, tumebakiza kitendo, tunakiita barieri.

Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Antwerp kule Ubelgiji, walihesabu barieri ndani ya Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Walikuta 798. Maniema haikuwa ndani ya hesabu ile. Lakini motokari yenye kutoka Baraka ao Kalemie kuja Salamabila inapita pande za Fizi kwanza, na mwenye kuifuata njia ya Lulimba anajua kama kamba haziishi pale jimbo linaishia. Hii anakuomba karatasi, ile anakuomba "ya chai". Hii ni ya askari, ile ni ya wenye silaha wasio askari, nyingine ni ya kantonaje, vijana wamejaza shimo kwa majani na udongo na wanangoja malipo. Wale wa kantonaje, mimi siwachukii. Angalau mtu anaona jembe. Ila hata shimo lile lilikwisha kulipwa: tangu sheria ya mwaka 2008 kuna FONER, mfuko wa kutengeneza barabara, na sehemu ya pesa yake inakatwa ndani ya bei ya esansi na mazutu. Kila litri moja yenye kuuzwa hapa ku chupa imekwisha kuchangia barabara. Barabara iko wapi? Muulize shofere wa kamyo aliyelala siku tatu ndani ya potopoto mwezi wa 11.

Sasa nani analipa hongo hii? Tusidanganyane kwamba ni mwenye motokari. Yeye anaihesabu, kisha anaiweka ndani ya bei. Pikipiki mpya, TVS ao Boxer yenye kutoka India, inapita njia hiyohiyo na kamba hizohizo. Motari akiisha kulipa njiani zaidi ya vile alivyowaza, anafika hapa na deni, na deni lile anamtoza abiria. Na abiria wa kwanza ni nani, hapa kwetu? Ni mama mwenye kukimbia risasi na watoto wawili na godoro. Ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali jenerali usiku. Ni mzee mwenye kutaka kurudi kuangalia kama mihogo yake ingali ndani ya shamba. Familia zenye kukimbia zinalipa mara mbili: bei ya motari, yenye ndani yake mna barieri za zamani, na tena ku kamba yenyewe wanaambiwa kila mtu ashuke, apite kwa miguu, alipe kichwa chake. Mtu aliyepoteza nyumba anaombwa karatasi ya uchaguzi yenye imeungua pamoja na nyumba. Asiyekuwa nayo analipa zaidi.

Ndiyo maana nasema mjadala wa Supra si wa vijana peke yao. Wamoja wananijibu: wewe unapinga maendeleo, acha watoto wafurahi na pesa yao. Mimi sipingi. Motokari ya chini haitapita Luama mvua ikianza, itasimama mbele ya nyumba, kuku watalala ndani yake, nalo ni shauri la mwenye pesa. Lakini kijana huyohuyo akijiunga na wenzake wawili ao watatu, wanunue pikipiki zenye karatasi safi, ao Land Cruiser ya zamani yenye volani ya kushoto, wataleta kitu chenye kubeba mchele kuenda soko na mgonjwa kuenda hospitali. Nitafurahi zaidi kuiona hiyo ikiingia Kabambare, hata bila rangi nyekundu.

Kwa wakubwa wetu, msimamizi wa teritware, wakubwa wa sekta, wa polisi na wa jeshi, niko na neno lingine. Mwezi wa tatu 2018 ilitoka ordonansi-sheria yenye kupanga orodha ya takse zote za jimbo na za sekta. Isiyokuwa ndani ya orodha haina haki. Basi bandikeni orodha ile ku kila barieri ya serikali, kwa Kiswahili, herufi kubwa, na bei pembeni. Mwenye kupokea pesa atoe kitansi yenye namba. Mwenye kuonyesha kitansi ya asubuhi asilipe tena jioni kwa kitu kilekile. Na kichwa cha mtu mwenye kukimbia vita kisiwe bidhaa. Haya hayaombi pesa ya wafadhili. Yanaomba karatasi, gundi na mkubwa mwenye kupita kuangalia bila kutangaza siku.

Najua jibu lenye litakuja: askari hapati mshahara kwa wakati, atakula nini? Swali ni la kweli, na silitupi. Lakini kumlisha askari ni kazi ya Kinshasa, si ya mama mwenye godoro. Na zile barieri zenye hazina bendera, wote tunajua nani anazishika. Zingine ziko karibu kabisa na kambi, na watu wanashangaa namna gani mmoja hamuoni mwingine.

Kwa wale ambao wamekwisha kuamua na wataenda Kigoma ao Baraka kununua pikipiki wakati wa kiangazi, nawaambia yale nimeyaona kwa motari wengi. Faktire iandikwe kwa jina lako mwenyewe, na namba ya shasi uisome wewe mwenyewe ku chuma, usiisome ku karatasi tu. Lipa DGDA pale unaposhukia, usikubali mtu akuambie "tutatengeneza mbele". Mwenye kusema vile anakuuzia kwa barieri zote zenye kufuata. Plake na karte roz zifuate mara moja. Moteri mpya usiibebeshe watu watatu na gunia siku ya kwanza. Fanya rodaje pole pole, badilisha mafuta ya moteri baada ya kilomita 500 hivi. Wengi wanaunguza pistoni kabla ya kufika nyumbani, kwa sababu walitaka kurudisha pesa ya barieri kwa kupakia abiria njiani. Na ukilipa ku kamba yoyote, andika ndani ya daftari: mahali, saa, franga ngapi, ya nani. Madaftari kumi ya motari kumi, yakiwekwa pamoja ku meza ya mashirika ya raia hapa Kabambare, yatasema mambo yenye mimi peke yangu siwezi kuyasema ku redio.