Ndege ya Mtu Mmoja

Safari ni jambo la heri. Mtu husafiri kutafuta riziki, elimu, matibabu au ndugu, na hapana mwenye akili atakayemlaumu kwa kuondoka kwake. Wala chombo cha safari hakina dhambi. Punda, jahazi, gari la moshi na ndege vyote ni watumishi wa mwanadamu. Lakini mtumishi aweza kutumwa jema au baya. Miongoni mwa mabaya ambayo vyombo vya safari hutumwa katika zama zetu, moja lastahili kukemewa bila haya: mtu mmoja, mzima wa afya, kukodi ndege nzima ya jeti impeleke kutoka upande mmoja wa nchi yake hadi upande wa pili, hali ndege za abiria wote zaenda huko huko siku ile ile.

Desturi hii imestawi Marekani kuliko mahali pengine popote. Nchi ile ni pana mno. Kutoka New York, katika pwani ya mashariki, hadi Los Angeles, katika pwani ya magharibi, ni mwendo wa karibu kilomita 4,000. Mwaka 1963 iliruka kwa mara ya kwanza ndege ndogo iliyoitwa Learjet, kwa jina la Bill Lear aliyeianzisha, na tangu hapo matajiri wakazoea chombo chenye mbio zinazokaribia zile za ndege kubwa lakini chenye viti vichache. Asiyeweza kununua aliweza kukodi. Humwita dalali wa ndege, akamtajia siku na saa, na dalali akamtafutia chombo na marubani. Abiria huyu haendi kwenye kiwanja wanakokwenda watu wote. Akitoka New York hupandia Teterboro, ng'ambo ya mto katika jimbo la New Jersey. Akifika Los Angeles hushukia Van Nuys. Hapangi foleni, hasubiri mzigo, na motokaa yake yaweza kumfikisha karibu na ngazi ya ndege.

Katika biashara hii hakiuzwi kiti. Yauzwa ndege, tena kwa saa. Mkodi hulipia saa za kuruka, ada za kutua na malazi ya marubani. Mara nyingi hulipia hata saa za ndege kumfuata alipo na za kurudi kwao ikiwa tupu. Ndiyo maana safari moja ya pwani hadi pwani humaliza makumi ya maelfu ya dola, na kiti cha kawaida katika ndege ya abiria hupatikana kwa dola mia chache. Na angani ndege ile ndogo haimzidi mwenzake mkubwa kwa mbio. Zote mbili huivuka nchi kwa muda usiotofautiana sana. Saa chache anazookoa mkodi huziokoa kiwanjani, katika foleni na masubirio. Basi anachonunua hasa si mwendo. Ananunua kutengwa na watu wengine.

Wako wasemao kwamba wakati ni mali, na kwamba mtu mwenye mambo makubwa hana budi kuokoa kila dakika. Kauli hii ina ladha ya hekima mpaka uipime. Wakati wa nani ni mali? Mwalimu aliyesimama katika foleni ya kiwanja ana wanafunzi wanaomngoja. Mama aliyepakata mtoto ana mgonjwa nyumbani. Fundi ana kazi itakayompita akichelewa. Hao nao walipewa siku yenye saa 24. Ikiwa foleni ni mbaya, dawa ni kuitengeneza, na wenye uwezo wa kuitengeneza ni wale wale wanaoikimbia. Mkubwa akisimama katika foleni saa mbili, foleni itapungua mwezi ujao. Mkubwa asipoiona, itarefuka, na yeye atashangaa kusikia watu wakilalamika. Ndivyo ilivyo kwa kila kitu cha umma. Shule ambayo watoto wa wakubwa hawaisomi, hospitali ambayo wakubwa hawailali, na barabara ambayo wakubwa hawaipiti, vyote hukosa mtetezi mahali ambapo mashauri hukatwa.

Wengine husema, "Fedha ni zake, yakuhusu nini?" Ingalikuwa kweli kwamba fedha yake yalipa kila kitu, hoja hii ingalikuwa na nguvu. Lakini hailipi. Taarifa moja iliyochapishwa Marekani mwaka 2023 ilionyesha kwamba ndege binafsi ni kama moja katika kila safari sita zinazoongozwa na waangalizi wa anga wa serikali, lakini mchango wake katika kodi za kuendeshea kazi hiyo ni asilimia 2 hivi. Sehemu kubwa ya mzigo yabebwa na abiria wa kawaida kwa tikiti zao. Maskini hulipa njia, tajiri akapita.

Liko na deni kubwa kuliko hilo, nalo ni la hewa. Uchunguzi wa wataalamu uliotolewa Novemba 2024 ulionyesha kwamba ndege binafsi za dunia zilimwaga angani tani zipatazo milioni 15.6 za gesi ya kaboni katika mwaka 2023, nyongeza ya asilimia 46 tangu 2019. Wastani wa safari moja ulikuwa tani 3.6 hivi, na karibu nusu ya safari zenyewe hazikufika kilomita 500. Linganisha na kwetu. Ukigawanya gesi itokanayo na mafuta na makaa ya mawe yanayochomwa Kenya kwa mwaka mzima, kila mtu hapati hata nusu tani. Safari moja ya anasa, ya saa chache, yapita fungu la mwaka la Wakenya saba.

Tena moshi hauna mpaka wala pasipoti. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa mfululizo katika Pembe ya Afrika. Malisho yakakauka Marsabit, Wajir na Turkana, na mifugo ikafa kwa mamilioni. Mwaka 2023 wanasayansi walieleza kwamba kuongezeka kwa joto duniani kumefanya ukame wa namna ile uwe mwepesi kutokea yapata mara 100 kuliko zamani. Sisemi kwamba ndege za matajiri peke yake zilikausha visima vile. Viwanda, magari na ndege kubwa vimo katika lawama. Lakini viwanda hutengeneza nguo na dawa, na ndege kubwa hubeba mamia. Ndege ya mtu mmoja yatoa moshi mwingi kwa faida ndogo kuliko vyombo karibu vyote. Wahenga walisema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Hapa mchuma janga yuko Teterboro, na walao ni watu asiowajua, ambao hawajapata kupanda ndege hata siku moja.

Mpaka hapa nimesema juu ya mtu atumiaye fedha yake. Nitasema nini juu ya yule atumiaye fedha ya watu? Mwezi Septemba 2017 gazeti la Politico lilifichua kwamba Waziri wa Afya wa Marekani, Daktari Tom Price, alikuwa akizunguka nchini mwake kwa ndege za kukodi zilizolipiwa na serikali. Safari moja ilikuwa ya kutoka Washington hadi Philadelphia, mwendo wa kilomita 200 hivi, pungufu ya nusu ya njia ya Nairobi kwenda Mombasa. Gharama yake ilikadiriwa kuwa dola 25,000. Gari la moshi baina ya miji hiyo halichukui hata saa mbili, na nauli yake ni chembe tu ya fedha hiyo. Wasaidizi wake walijitetea kwamba shughuli za waziri zilikuwa nyingi na ratiba yake ngumu. Lakini mtu huyo huyo, alipokuwa mbunge mwaka 2009, alilaumu hadharani mpango wa Bunge wa kununua ndege za jeti!

Safari zake za kukodi zilipohesabiwa zilipita dola 400,000. Aliahidi kurudisha karibu dola 52,000, ndiyo thamani ya kiti alichokikalia mwenyewe. Angalieni hesabu hiyo, vijana, maana ina mafunzo. Alipokodi, alikodi ndege nzima. Alipotakiwa kulipa, alikumbuka kwamba ana kiwiliwili kimoja. Tarehe 29 Septemba 2017 alijiuzulu. Mwezi Julai 2018 mkaguzi mkuu wa wizara ile alitoa taarifa kwamba angalau dola 341,000 za umma zilipotea bure katika safari hizo. Na hiyo ni wizara ya afya, ambayo kila senti yake ingaliweza kuwa kidonge katika mkono wa mgonjwa.

Kabla yake walikuwapo wengine. Novemba 2008 wakuu wa General Motors, Ford na Chrysler, viwanda vikuu vya motokaa vya Detroit, walikwenda Washington kuomba mkopo wa dola bilioni 25 ili makampuni yao yasianguke. Kila mmoja alikwenda kwa ndege ya jeti ya kampuni yake. Mbunge mmoja akawataka wainue mikono kama yuko aliyekuja kwa ndege ya abiria. Hapana mkono ulioinuka. Mwezi Desemba walirudi tena mbele ya Bunge, safari hii kwa njia ya barabara, ndani ya magari waliyoyaunda wenyewe. Ndege zile zilikuwa za makampuni, si za kukodi, lakini funzo ni lile lile. Mtu aliyezoea kuruka peke yake husahau jinsi anavyoonekana na walio chini. Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamekaa mbali na watu kwa muda mrefu mno hata hawakuona kwamba mwombaji haendi kuomba akiwa amevaa taji.

Wala tusidhani kwamba maradhi haya ni ya Marekani tu. Mwezi Mei 2024 Rais William Ruto alikwenda Marekani kwa ziara ya kiserikali katika ndege ya kifahari ya kukodi, na Wakenya wengi wakauliza kwa nini. Alijibu kwamba gharama kwa taifa haikufika shilingi milioni 10, kwa sababu marafiki walisaidia. Jibu hilo tulipokee kama lilivyotolewa. Na hata hivyo lazaa swali jingine, kwa kuwa rafiki anayemlipia kiongozi wa nchi safari huacha taifa na deni lisiloandikwa katika daftari. Wakati ule ule Bunge letu lilikuwa na mswada wa fedha uliotaka kuongeza kodi. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliujaza mji wa Nairobi, wakaingia hata katika majengo ya Bunge. Damu ikamwagika, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi mswada ule. Sababu za ghadhabu zilikuwa nyingi, na safari moja haikuzaa yote. Lakini mwananchi akiambiwa ajifunge mkanda, jambo la kwanza atazamalo ni kiuno cha anayemwambia.

Haki yataka nikubali pia upande wa pili. Si kila ndege ya kukodi ni israfu. Mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo twaijua kwa jina la AMREF. Kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, ndege ndogo huruka kumfuata mgonjwa mahali ambapo barabara ni ndefu kuliko uhai uliobaki. Ndege hiyo nayo hubeba mtu mmoja, na viti vyake vingi huwa vitupu, wala hakuna mwenye moyo atakayeuliza bei yake kwa hasira. Vivyo hivyo wapimaji wa nchi, wapelekao chakula penye mafuriko, na wakaao visiwani au jangwani ambako ndege ya abiria haifiki. Hao wamekodi kwa haja, kwa kuwa hawana njia nyingine. Waziri wa Philadelphia alikuwa na reli, barabara na ndege za abiria, akazipita zote.

Kwa hiyo kipimo si ukubwa wa ndege wala uchache wa abiria. Kipimo ni maswali matatu, nayo yatosha kumhukumu waziri, tajiri na hata wewe mwenyewe siku utakapokuwa na uwezo. Je, ipo njia ya watu wote iendayo huko niendako? Nani atalipa sehemu ile ambayo fedha yangu hailipi? Na nikishuka, je, nitaweza kuwatazama machoni wale waliokuja kwa njia ya kawaida?

Vijana mnaosoma kurasa hizi, baadhi yenu mtashika vyeo. Mtapewa magari, walinzi, na watu wa kuwafungulia milango. Siku moja mtaletewa karatasi ya kutia sahihi, na ndani yake mtasoma ndege imekodiwa, saa imepangwa, na hazina italipa. Mtaambiwa kwamba hadhi ya cheo yataka hivyo. Msikubali. Hadhi ya cheo ni kazi iliyofanywa vizuri. Ulizeni basi la saa ngapi laondoka, au gari la moshi, au ndege ya abiria, mkakae katika kiti kimoja kama mlivyoumbwa na mwili mmoja. Pembeni yenu atakaa mwananchi, na katika mwendo wa saa moja atawaambieni habari za nchi yenu ambazo hamtazisikia katika ndege isiyo na mtu.