Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: Ukaguzi wa kliniki za meno uanzie kwenye daftari

Kwa Mganga Mkuu wa Serikali,
Wizara ya Afya,
Dodoma.

YAH: UKAGUZI NA UONGOZI WA KLINIKI BINAFSI ZA KINYWA NA MENO

Kliniki ya meno ni chumba kidogo chenye hatari za hospitali kubwa. Humo hukatwa nyama, hutoka damu, huchomwa sindano za ganzi na hupigwa picha za mionzi. Wanaoyasimamia yote hayo mara nyingi ni watu wanne au watano: daktari mwenye kliniki, tabibu mmoja au wawili, msaidizi wa kuosha vifaa na mtu wa mapokezi. Hospitali ya rufaa huwa na kamati ya kudhibiti maambukizi. Kliniki iliyopanga ghorofa ya pili juu ya duka la simu hutegemea dhamiri ya mwenyewe. Daktari huyo huyo ndiye mwajiri, ndiye msimamizi wa usalama, na akikosea hana mkubwa wa kumwuliza.

Sheria zipo. Sheria ya Hospitali Binafsi ya 1977, iliyokuwa imepiga marufuku matibabu ya kibiashara, ilirekebishwa mwaka 1991 na kuwafungulia mlango madaktari wenye kliniki zao. Sheria ya 2017 inayohusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi inasimamia usajili na maadili ya taaluma. Eksirei iko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, kwa sheria ya 2003. Dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA, na mafaili ya wagonjwa yanaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kila chombo kina kipande chake. Kwa hiyo kliniki inaweza kupita kwa wote, vyeti vikajaa ukutani, na asitokee hata mmoja wa kuuliza swali la msingi: je, kliniki hii ingejua kama jambo limeharibika siku ambayo hakuna mkaguzi?

Swali hilo ndilo maana ya uongozi bora katika kliniki, na jibu lake haliko ukutani. Liko kwenye daftari la kutakasia vifaa.

Mtungi wa mvuke hutakasa koleo na vijioo kwa joto la nyuzi 134 kwa dakika zisizopungua 3, au nyuzi 121 kwa dakika 15. Karatasi ya kubandika inayobadilika rangi huonyesha tu kwamba pakiti imepitia kwenye joto. Haithibitishi kwamba vijidudu vimekufa. Uthibitisho wa karibu zaidi ni kipimo cha mbegu za bakteria sugu, ambazo huwekwa ndani ya mtungi pamoja na vifaa kisha huoteshwa kuona kama zimesalia. Mkaguzi anayeukuta mtungi unang'aa na kuweka alama ya vema ameona chombo. Kazi yake hajaiona. Anayetaka kuiona achukue faili moja la mgonjwa aliyeng'olewa jino wiki tatu zilizopita, aulize koleo lilitoka mzunguko wa ngapi siku hiyo, kisha afungue daftari atafute mzunguko huo: saa, joto, shinikizo, sahihi. Njia hiyo ikikatika mahali popote, ndipo penye tatizo. Na daftari lenye sahihi za mwezi mzima kwa wino mmoja, mwandiko mmoja, bila hata siku moja ya kukatika umeme, lina habari yake. Katika miji yetu, daftari lisilo na dosari linatia shaka kuliko lenye dosari.

Mfano wa kinachotokea pasipo swali hilo ulionekana mwaka 2013 mjini Tulsa, Marekani. Mgonjwa asiye na sababu nyingine inayojulikana alikutwa na virusi vya homa ya ini aina ya C. Wakaguzi walipoingia kwa daktari aliyemtibu walikuta vifaa vyenye kutu, wasaidizi wakifanya kazi za daktari, na mtungi wa mvuke ambao kwa miaka sita haukuwa na ushahidi wa kupimwa. Wagonjwa wapatao 7,000 waliandikiwa barua waende kupimwa, na uchunguzi wa vinasaba ulithibitisha kwamba virusi hivyo vilihama kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mtungi ulikuwepo miaka yote hiyo.

Hesabu nyingine haihitaji hata karatasi. Kishikio cha drili hufyonza mate na damu ndani yake kinaposimama, hivyo kukifuta kwa spiriti hakutoshi. Lazima kiingie kwenye mvuke baada ya kila mgonjwa. Mzunguko mmoja, pamoja na kupasha joto na kukausha, huchukua nusu saa au zaidi. Kliniki yenye vishikio viwili inayoziba meno ya wagonjwa ishirini kwa siku imekwisha kujibu kabla haijaulizwa.

Mengine ni mafupi. Leseni ya kila anayeshika sindano ilinganishwe na sura yake, maana vishoka hupenda kliniki ambazo mwenyewe hayupo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iulizwe kwa mwosha vifaa kwanza, kwa kuwa ndiye anayechomwa na vyenye ncha kali na ndiye anayesahaulika. Dawa za dharura zisomwe tarehe. Zebaki ya kuzibia meno isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15 wala wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima, kama wanachama wa Mkataba wa Minamata walivyokubaliana mwaka 2022.

Uingereza inatoa fundisho kwa upande wa mfumo. Tangu Aprili 2011 kliniki za meno huko England zimesajiliwa na tume moja ya ubora wa huduma, na kanuni za mwaka 2014 zina kifungu cha 17 kinachohusu uongozi bora peke yake: kliniki iwe na utaratibu wa kubaini hatari zake, kutunza kumbukumbu sahihi na kurekebisha. Kliniki inaweza kukutwa na kosa chini ya kifungu hicho hata kama hakuna mgonjwa aliyedhurika. Ripoti huchapishwa, jina la kliniki likiwa juu.

Wizara inaombwa kufanya mambo mawili ya aina hiyo. Kwanza, orodha ya ukaguzi inayobebwa na timu za afya za mikoa na halmashauri ipewe sehemu ya uongozi yenye uzito wake: daftari la mvuke, daftari la ajali za sindano, malalamiko na hatua zilizochukuliwa. Pili, matokeo yawekwe wazi, pamoja na muda ambao kliniki imepewa kujirekebisha na kilichokutwa mkaguzi aliporudi. Kufuli mlangoni liachiwe hatari ya papo hapo, kwani kliniki inayoogopa kufungwa kwa kila dosari hujifunza kuficha daftari, na katika wilaya yenye daktari mmoja wa meno kufuli hilo huwapeleka wagonjwa kwa mng'oaji wa uchochoroni.

Ripoti iliyochapishwa haitamfikia mgonjwa anayeingia na shavu lililovimba saa tatu asubuhi. Kwa ajili yake inatosha karatasi moja mapokezini, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: tarehe ya ukaguzi wa mwisho, kasoro iliyokutwa, na namba ya simu ya kulalamikia isiyokuwa ya mwenye kliniki.