Safari ya Grateful Dead Katika Ulaya, 1972

Wako wenzetu bwenini wasemao kwamba bendi hii ya Kimarekani hurefusha nyimbo kwa kukosa la kupiga. Mimi sikubali. Katika Aprili na Mei, 1972, ilipiga mara 22 huko Ulaya, ikaanzia London na kumalizia London. Wimbo wa Dark Star ulipita nusu saa siku nyingine, na kila mara ulishika njia mpya. (Kweli, pengine hutangatanga, nami huchoka.)

Albamu ya santuri tatu iliyotoka mwaka ule yasifiwa mno. Sauti nyingi ziliimbwa upya studioni. Heri kusikiliza maonyesho yote 22, yaliyotolewa 2011. Humo yumo Pigpen, mgonjwa, safarini mara ya mwisho, lakini akiimba husikii unyonge. Alifariki Machi, 1973, akiwa na miaka 27.