Tumbo kubwa si cheo

Wandugu vijana wa Opala na Kisangani,

Huku kwetu mutu akinenepa tunamusifu: "Mukubwa, pesa imeingia!" Akikonda, tunauliza kama anagonjwa. Sifa hiyo inatuficha hatari.

Hesabu ni hii: chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa meta, kisha gawanya tena kwa urefu ule ule. Ukipata 30, huo ni unene wa ugonjwa. Ukifika 40, hatari ni kubwa sana. Mutu wa meta 1.70 mwenye kilo 120 anapita 41. Unene huo unaongeza hatari ya tansio, kisukari, ugonjwa wa moyo na kupooza. Unaumiza magoti, unakata pumzi usingizini. Na tansio haipigi hodi: unaweza kuishi nayo miaka bila kusikia kitu.

Lakini tusicheke mutu. Si ulafi tu. Kuna damu ya familia, kuna dawa zingine, kuna maisha ya mujini: moto pahali pa miguu, sukre na mikate ya mafuta kila kona. Mwaka 2022, mutu 1 kwa 8 duniani alikuwa na unene huu. Hata njala na unene vinaweza kulala nyumba moja.

Tunadai: kila kituo cha afya, hata kule ndani ya Opala, kiwe na mizani na mashine ya tansio inayotumika, na bei iandikwe ukutani.

Na wewe, wiki hii, peleka mama na baba wapimwe. Kisha upimwe wewe.

Afya ni haki, si zawadi!